Aliyeshindwa Ndiye Anayebebwa

12 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku tunapumua. Mama hajambo, ila sikio la kulia limelifuata la kushoto, kwa hiyo sasa anasikia anachotaka tu, na anachotaka ni habari zako. Kila mtu akibisha hodi anadhani ni wewe. Jana alikuja mzoa taka, akapewa kiti na kuambiwa amekonda.

Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu kila mmoja anamkatia mwenzake, na kwenye barua angalau mtu anamaliza sentensi yake. Basi nami namalizia zangu humu.

Mwanao hajambo. Jina la Chiriku ulimpa wewe, na ndege wako hajafunga mdomo tangu uondoke. Ana miaka mitano na anabishana kama wakili mwenye njaa. Tangu marehemu wifi yangu alipotuachia kichanga kile, sijawahi kula mlo mmoja bila kuulizwa swali. Silalamiki.

Umeuliza anasoma nini. Wiki hii amesoma maji. Nimeweka beseni katikati ya darasa langu la chekechea, nikaweka vikombe, chupa na kopo lililotoboka, nikarudi nyuma. Mtoto wa mwashi akasema chupa nyembamba ina maji mengi kwa sababu ni ndefu. Chiriku akamwambia, "Mimina kwenye kikombe tuone." Wakamimina, wakamimina tena, ubishi ukaisha, sakafu ikalowa, nikapiga deki. Hiyo ndiyo hesabu, mdogo wangu, ila haijavaa tai.

Wakati napiga deki mama wa mapacha akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwalimu, mimi nimeleta watoto wasome. Kucheza wanacheza bure nyumbani."

"Nyumbani wanacheza na nini?"

"Na simu yangu."

"Basi huku nawapumzisha."

Akacheka nusu. Nusu nyingine aliondoka nayo, na najua ameipeleka kwa mwenye shule. Haidhuru. Unakumbuka nilivyoingia kazi hii: niliajiriwa kuosha vikombe, mwalimu akaolewa, wakaniambia nikae na watoto mpaka apatikane mwingine. Bado anatafutwa.

Mama anasema ule.

Dada yako


3 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ni ile ile. Lifti za watu zinakwama, na mtu akikwama ndani ndipo anapokumbuka kwamba duniani kuna fundi. Wiki iliyopita nimemtoa meneja mmoja katikati ya ghorofa mbili. Akatoka ananitukana mimi, mashine akaiacha. Mwambie Mama nimenenepa.

Nimesoma habari za beseni. Dada, sikumleta mwanangu kwako ajifunze kufua.

Hapa kazini mwenzangu ana mtoto wa umri huo huo, anasoma maandishi ya kwenye gazeti mpaka yale madogo. Sisemi hivyo kukuudhi. Wewe ulikuwa wa mbele darasani, huwezi kujua. Mimi nilianza shule sijui kalamu inashikwa upande gani, wakaniweka nyuma na wasumbufu, na nyuma pakawa ndipo kwangu mpaka nilipoacha. Nikiwa nyuma nilikuwa nayaona masikio ya wenzangu tu. Sitaki mwanangu akue anatazama masikio ya watu.

Ile shule kubwa yenye ukuta mweupe inafanya usaili wa darasa la kwanza mwezi wa tano. Tupatane mapema tusije tukalaumiana. Akipita, abaki kwako, asome hapo, na mimi sitasema neno tena. Akishindwa, nitamchukua aje huku.

Mfundishe, Dada.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi umenenepa, ila anataka kujua nani anakupikia. Nimemwambia labda lifti.

Gauni la Chiriku limefika na linamkaa kama alipimwa. Vifungo vimeongezewa uzi, na limekunjwa na karatasi laini katikati lisije likajikunjakunja. Wewe ambaye shuka zako nilizikunja mimi mpaka ukaota ndevu! Kweli ugenini kuna shule.

Nimeyasikia masharti yako na nimeyakubali, kwa hiyo usiyarudie. Atapita. Rangi anazijua, maumbo anayajua. Herufi tunazizika kwenye mchanga, kila mtoto anachimbua yake na kuitaja kabla hajaichukua, na asiyeitaja anaizika tena. Chiriku ana kopo zima. Lakini kumkalisha kwenye dawati aimbe a-e-i-o-u mpaka mate yakauke, hilo sifanyi. Mimi sikufundishi kamba za lifti. Mtoto hana vitufe, kwamba utabonyeza tano afike ya tano.

Nikusimulie jambo, nawe ulipokee upendavyo. Kwenye kona ya darasa tuna nyumba, ni boksi la friji tumelikata dirisha. Humo wanacheza baba na mama. Juzi Chiriku alikuwa baba. Akachukua mkoba, akasema, "Haya, naenda kazini," akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Huku ndani wakapika, wakala, wakalala, wakaamka. Pacha mmoja akamfuata.

"Baba, rudi. Chakula kinapoa."

"Baba harudi," akamwambia. "Baba anatuma."

Akavua kiatu kimoja, akampa akipeleke ndani.

Nimeandika kama nilivyoona, sikutia chumvi.

Dada yako


18 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Msalimie Mama.

Umeandika kama ulivyoona, na mimi nimesoma kama ulivyotaka nisome. Natumaini kiatu alirudishiwa.

Usaili ni tarehe ishirini na tatu Mei. Nimekwisha kumwandikisha kwa simu. Wanauliza rangi, kuhesabu, jina la mzazi na kutaja vitu kwenye picha. Mtoto anaingia peke yake, mzazi anabaki mlangoni. Watoto wengi wanaharibu kwa woga, wanalia. Ukitaka kumsaidia, mtoe woga.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama aliteleza bafuni lakini hakuvunjika, ameing'akia tu sabuni siku nzima. Mwenye shule amekuja kukagua. Akakuta watoto wamelala sakafuni wanajifanya mbegu, akasubiri tuote, akachoka, akaondoka.

Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe umesema neno nikalifuata: mtoe woga. Nikajiuliza, mtoto anatolewaje woga wa simba? Anapewa awe simba. Basi darasani tumeanzisha mchezo wa usaili.

Tumegeuza kreti ya soda, imekuwa meza. Mwalimu Mkuu anakaa nyuma yake na miwani ya waya niliyoisokota. Wengine wanapanga foleni nje. "Anayefuata!" Mtoto anaingia. "Hii rangi gani? Hesabu hivi. Baba yako nani?" Akijibu vizuri anaambiwa, "Umepita, nenda," naye anatoka mlango wa pili.

Siku mbili za kwanza mambo yalikuwa makavu. Siku ya tatu mtoto wa mwashi akakosea rangi kwa bahati mbaya, akaambiwa ameshindwa, akajitupa chini akalia kilio cha uongo cha ajabu. Hapo darasa likaamka! Mmoja akawa mama yake, mwingine daktari, mapacha wakaleta shuka, wakambeba wanne na kumzungusha chumba kizima wakimbembeleza kwa wimbo waliotunga papo hapo. Tangu hapo mchezo umenoga. Hata mtoto wa kinyozi, ambaye alikuwa hasemi mbele ya mtu mzima, sasa anaketi kwenye kreti na kukaripia watu.

Na mwanao ndiye bingwa. Anaweka kiganja kwenye paji la uso, anayumba, anaanguka bila kujiumiza. Hata mama wa mapacha alisimama mlangoni akasahau alichokuja kulalamikia.

Woga umekwisha kabisa. Andaa sare ya shule ya ukuta mweupe, na ukunje vizuri.

Dada yako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu sana. Natumaini u mzima na lifti zako ni nzima. Huku sote wazima. Mama amepata dawa ya magoti, anasema haifai lakini anawanyima wengine. Bomba la jirani lilipasuka, tukawa na mto mlangoni, watoto wakafurahi. Mwashi amepata kazi ya ukuta mrefu, hatumwoni. Mapacha walipata tetekuwanga, mmoja akaanza, mwingine akaona wivu. Nimebadilisha pazia la darasa, lile la zamani lilikuwa limegeuka chujio. Kinyozi anakusalimu, anauliza kama bado una nywele. Joto limepungua kidogo. Tumbo langu linasumbua nikila usiku, kwa hiyo siku hizi nakula mapema.

Usaili ulifanyika.

Dada yako


13 Juni

Dada,

Nimekaa na barua yako nikiisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Magoti, bomba, pazia. Halafu maneno mawili.

Nimepiga simu shuleni mwenyewe. Nimezungumza na Mwalimu Mkuu. Anasema mwanangu aliulizwa rangi ya mpira mwekundu, akasema hajui. Akaulizwa jina la baba yake, akasema hajui. Kisha akajitupa sakafuni. Huyo mama ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, kwamba mtoto apelekwe akapimwe kichwa.

Nilikuwa juu ya lifti nikizungumza naye, Dada. Vijana wangu wanasikiliza chini.

Hajui jina la baba yake? Hilo nalo ni la kwenye beseni?

Niambie kilichotokea. Chote.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo.

Nilisimama mlangoni, kama kanuni yao inavyotaka. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona. Chumba kirefu, meza kubwa, Mwalimu Mkuu nyuma yake na miwani ya kamba shingoni. Chiriku aliingia kifua mbele, gauni lako likimpendeza. Kati ya watoto wote waliokuwa kwenye foleni, yeye peke yake hakushika mkono wa mtu. Nilijisifu. Nakuambia nilijisifu, nikamtazama mama mmoja pembeni ambaye mwanawe alikuwa analia, nikamwonea huruma.

Mwalimu Mkuu akainua mpira. "Hii rangi gani?"

Chiriku akautazama mpira, akamtazama mwalimu, akatazama nyuma kwangu, akatabasamu. Hapo nikaelewa. Unajua nilichokuwa nimekiona darasani wiki zote zile nikakiacha? Kwenye mchezo wetu hakuna mtoto anayetaka kupita. Anayepita anaambiwa nenda, anatoka mlango wa pili, anasimama nje peke yake kama ulivyosimama wewe nyuma ya darasa. Aliyeshindwa ndiye anayebebwa. Watoto walikuwa wanagombania kushindwa. Niliona. Kazi yangu ni kuona na kuacha, basi nikaacha.

"Sijui," akasema, kwa ile sauti yake ya msiba.

"Baba yako nani?"

"Sijui!"

Akaweka kiganja kwenye paji la uso, akayumba, akaanguka. Hajawahi kuanguka vizuri namna ile. Akalala macho yamefumbwa, mikono ameinyoosha.

Hakuna aliyembeba. Mwalimu Mkuu akaandika. Chiriku akafungua jicho moja kuona wabebaji wako wapi. Akalifumba. Akangoja. Akalifungua tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti nikiwa mtu mzima mwenye heshima zake, na mlinzi alikuwa ameweka mkono mlangoni. Ningeweza kuusukuma ule mkono. Haukuwa mkono mzito.

Mwishowe akajiinua mwenyewe, akakung'uta gauni, akatoka. Njiani akaniuliza, "Shangazi, mbona wale hawajui kucheza?"

Jina lako analijua. Analijua na la babu yako. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kuijua. Mtoto hana ugonjwa wa kichwa.

Nimerudi kwa Mwalimu Mkuu, nimemweleza. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema mwakani aje tena. Mwaka mmoja, mdogo wangu. Hata embe bichi linangojwa. Mwache kwangu mwaka mmoja. Nitamkalisha kwenye dawati. Nitamfundisha kama unavyotaka wewe, a-e-i-o-u, mpaka mate yakauke.

Mimi sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako


8 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimesoma.

Masharti uliyakubali mwenyewe, ukaniambia nisiyarudie. Siyarudii.

Ulikuwa na mtoto wangu na ukamfanyia majaribio kama kopo lililotoboka. Sijakasirika, nilishakasirika. Mwisho wa mwezi atakuja mtu kumchukua. Mimi siwezi kuondoka, tuna jengo jipya. Mtayarishe, na usimlize.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mtu wako alifika.

Aliingia na mtoto mchanga mgongoni, akapiga magoti kumwamkia Mama. Mama hakusikia salamu, lakini macho yake ni mazima. Alimtazama yule mchanga paji la uso, paji hilo hilo ambalo wewe na mimi tunalo na ambalo sisi wote tungependa lingekuwa dogo zaidi, akasema kwa sauti ya kiziwi inayosikika mtaa wa pili, "Huyu ni wetu!" Akamfungua mgongoni kwa mama yake kabla mama mtu hajajitambulisha.

Kwa hiyo nimemjua wifi yangu kupitia paji la uso la mwanawe. Mimi kunificha mke ni sawa, umeficha makubwa kuliko hayo tangu utoto. Lakini Mama umemficha mjukuu, naye siku hizo zote anakaribisha wazoa taka. Gauni sasa nimelielewa.

Ungependa niseme ni mwanamke mbaya. Hapana. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Ananiita wifi kwa uangalifu, kama mtu anayeonja maji ya moto kwa kidole. Alitandaza nguo za Chiriku kitandani, akazikunja moja moja na karatasi katikati. Angekuwa mbaya ningepata pa kushika.

Akaniuliza, "Wifi, akilia njiani nifanyeje?"

Nikamwambia hatalia.

"Anapenda nini?"

Hilo sikumjibu. Nilisema utamjua taratibu. Ningeweza kumwambia kwamba hapendi kufungiwa vifungo na mtu, kwamba ukimkata kucha lazima umhesabie vidole, kwamba akinyamaza ghafla ujue amejificha mahali anangoja atafutwe, na asipotafutwa anaumia. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikayameza. Ni yangu.

Uliniambia nisimlize, na hilo nimetimiza. Tangu barua yako ya Julai tulicheza safari kila siku darasani. Viti vinapangwa mstari, majani ni tiketi, mtoto wa mwashi ni dereva na ana matusi ya kazi. Chiriku anapanda, anapunga mkono, tunampungia, dereva ananguruma, halafu nasema "Mwisho!" na kila mtu anarudi mahali pake. Siku alipoondoka alikimbia kupanda. Akatoa kichwa dirishani, akanipigia kelele mbele ya abiria wote, "Shangazi, leo viti ni vya kweli!"

Wifi akasema, "Mtoto mzuri, halii."

Nilimpungia mpaka kona. Sehemu yangu nimeicheza vizuri.

Mama anauliza mchanga anaitwaje. Mwandikie yeye.

Dada yako


20 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo anatambaa. Jina lake nimemwandikia Mama kwenye karatasi ya peke yake, msomee kwa nguvu. Mambo mengine uliyoandika kuhusu kuficha ni haki yako. Kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Chiriku ameingia darasa la kwanza hapa mtaani. Shule kali, mikono juu ya meza, mdomo umefungwa. Majuma ya kwanza alinisumbua kwa swali moja. Kila jioni nikirudi kazini ananingoja mlangoni: "Baba, mchezo unaisha lini?" Mke wangu alidhani anasema televisheni. Nikamwambia hapa hakuna mchezo, hapa ni nyumbani. Akacheka, kama mtu anayekuambia nimekushtukia. Kesho yake akauliza tena. Siku moja nikamkaripia. Siku iliyofuata alivaa gauni lake, akachukua mkoba wake na kukaa kwenye ngazi mpaka mke wangu alipomwingiza ndani.

Sasa haulizi.

Nakueleza haya kwa kuwa wewe hunieleza ulichoona. Sikutia chumvi.

Habari njema ni kwamba anasoma. Mwalimu wake ameniita kunisifu. Anasema siku ya kwanza alimkuta anazijua herufi zote na anajumlisha bila vidole, akashangaa. Akaniuliza alifundishwa na nani. Nikasema amerithi. Anakaa mstari wa mbele, Dada, katikati kabisa. Mwalimu anasema ndiye mtoto mtulivu kuliko wote, unaweza kusahau kama yumo. Nilisimama dirishani nikamwona. Hakuna masikio mbele yake.

Mwalimu amesema asome kwa sauti kila siku nyumbani, chochote kilichoandikwa. Barua yako ya Agosti nimeificha. Zitakazokuja atasoma yeye mezani, sote tukisikiliza. Kwa hiyo nakuomba uandike salamu tu. Mambo ya mchezo usiyaguse. Na tumia maneno mafupi, marefu bado yanamkwamisha.

Mdogo wako


9 Oktoba

Chiriku,

Salamu.

Bibi ni mzima. Anakula. Analala. Ana meno mawili tu.

Mimi ni mzima.

Mvua ipo. Jua lipo. Paka wa kinyozi amezaa. Paka wote ni weusi.

Pacha wa kwanza ni mzima. Pacha wa pili ni mzima. Mtoto wa mwashi ni mzima.

Mpe baba salamu. Mpe mdogo wako salamu.

Mpe mama salamu.

Umesoma yote. Sasa toka mezani. Nenda kacheze.

Shangazi